Prado 120, saidi stepu imekunjika ikabana mlango: nirudishie nyingine au nitengeneze slaida?

mwana_kinyerezi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu maana nimezunguka kwa mafundi watatu na kila mmoja kanipa jibu lake, mpaka nimechanganyikiwa.

Nina Prado 120 ya 2005, diseli. Naishi Kinyerezi, Dar, ila kila baada ya mwezi au miwili naenda kijijini Morogoro upande wa Matombo, mara nyingine napitiliza mpaka Kisaki. Wanaoijua ile njia wakati wa masika wanajua nasema nini, kuna sehemu maji yanakata barabara katikati linabaki korongo na mawe yanachomoza.

Sasa Aprili nilikuwa namleta mama mjini kwa ajili ya kliniki ya magoti, kakaa nyuma kushoto. Tunapanda kilima, tairi la mbele kulia likapanda kwenye tuta la udongo, gari ikalalia kushoto, nikasikia kitu kimegota halafu kinakwaruza taratibu. Nikasimama. Kushuka nakuta saidi stepu ya kushoto, kile kikanyagio cha chini ya milango, imekalia jiwe na ule mkono wake wa nyuma umeshakunjika. Nikasema nirudi nyuma kidogo ijitoe, kumbe ndo nikaimaliza, ikabetuka kwenda juu ikajikita chini ya mlango wa nyuma na mlango ukagoma kabisa kufunguka. Nikivuta kitasa mama anaangalia tu mkono wangu, hasemi kitu. Ikabidi ajisogeze kwenye siti mpaka upande wa kulia ambao ndo ulikuwa juu, na magoti yale hawezi kuruka, nikambeba. Ana miaka 71. Kwa kweli nilijisikia vibaya sana, nikawa najiuliza ingekuwa gari imelala, au tupo kwenye maji, ningemtoaje?

Tulipofika Morogoro mjini fundi akaikata kwa grinda ndo mlango ukafunguka. Mpaka leo kushoto sina kitu, kulia stepu ya zamani ipo.

Nimepima mwenyewe nyumbani kwenye sakafu ya sementi. Toka chini mpaka ukingo wa chini ya milango ni sm 44, toka chini mpaka stepu iliyobaki ni sm 33. Yaani nilikuwa natembea na kitu kinaning'inia sm 11 chini ya bodi bila kukiwaza.

Fundi wa kwanza kasema ninunue stepu nyingine Shaurimoyo zipo nyingi za mtumba, nifunge maisha yaendelee. Wa pili yupo Gerezani kasema ataniundia slaida za bomba, yale mabomba mazito ya kukinga ubavu wa gari, atazichomelea kwenye chesisi siku moja nimeondoka. Wa tatu kaniambia nisiguse chesisi kabisa nitaiharibu gari. Na mimi shida yangu ipo pande mbili, sitaki tena mlango unibanie mtu ndani, ila pia mama lazima awe na pa kukanyaga, bila stepu kupanda Prado kwake ni mtihani. Hizo slaida zinakanyagika? Uzito wake ukoje? Ni kuchomelea au kufunga bolti? Na huku pwani kutu itaniachia kweli?

chuma_cha_pwani

Mkuu pole sana na mpe mama pole. Hilo la mlango kubana sio wewe tu, ndo jinsi stepu zinavyokufa, hazivunjiki zikadondoka, zinakunjika kwenda juu na juu kuna milango.

Niseme kitu kimoja kwanza halafu mengine yatafuata. Tofauti ya stepu na slaida sio umbo, zote kwa mbali ni mabomba mawili pembeni ya gari. Tofauti ni imeshikwa wapi na inabeba nini. Stepu imetengenezwa ibebe mtu mmoja anayepanda, kilo 80, 100, basi. Vimikono vyake ni bati la milimita 2 au 3 limekunjwa, na nyingi zimeshikwa kwenye bodi kwa vibolti vidogo. Slaida imeshikwa kwenye chesisi yenyewe na inatakiwa ibebe gari. Prado yako bila watu wala mizigo ni kama tani 2, kwa hiyo ikilalia jiwe upande mmoja slaida inapokea uzito, gari inateleza juu ya jiwe, unapita. Ndo maana inaitwa slaida.

Na wengi wanakosea wanadhani slaida inainua gari. Haiinui. Ukiweka bomba la nje sm 4.8 na ukaacha nafasi ya sm 1.5 chini ya ukingo wa milango, kwa vipimo vyako chini ya slaida itakuja kama sm 37.7, umeongeza sm 4.7 tu ukilinganisha na stepu. Haikupi urefu mkubwa, inakupa ruhusa ya kugusa.

Kipimo cha kujua kama uliyouziwa ni slaida au ni stepu imevaa nguo za slaida ni jeki. Weka jeki ya chupa chini ya bomba la nje, katikati, juu ya ubao mgumu, pampu mpaka tairi la mbele linyanyuke. Kabla hujapampu pima nafasi kati ya bomba na ukingo wa mlango, ukishanyanyua pima tena. Ikipungua milimita 2, 3, hiyo slaida. Ikiwa inajisogeza kuelekea mlango kila ukipampu, shusha jeki na umrudishie fundi. Na wakati wa kujaribu mtu asiingize mguu wala mkono chini, weka mawe kwenye matairi ya upande wa pili.

Mimi zangu nilitengeneza kwa bomba jeusi la inchi moja na nusu, skeduli 40. Hilo kwa nje ni milimita 48 na unene wa ukuta 3.68. Nenda na venia yako (kile kipimo cha unene) dukani, usiangalie kwa macho, maana kuna bomba la fanicha lina upana uleule ukuta milimita 1.5, ukilipaka rangi nyeusi hutajua mpaka siku ya jiwe. Miguu tumia skwea paipu 50 kwa 50 ukuta milimita 4, kila upande miguu minne, na kila mguu kwenye chesisi unakaa juu ya bamba la milimita 6, kama sm 15 kwa 20 hivi. Bomba linauzwa urefu wa mita 6, pande zote mbili na vipande vya katikati unatumia kama mita 7 na nusu, kwa hiyo nunua mawili, kinachobaki utapata kazi nacho.

Uzito: mita moja ya bomba hilo ni kilo 4 na kidogo, skwea paipu kilo 5.7, nikijumlisha na mabamba napata kama kilo 28 kila upande, sema 60 zote mbili. Ni abiria mmoja ambaye hashuki. Na kwa kuwa upo chini ya gari, haukusumbui kwenye kona kama ule wa juu kwenye keria.

dada_jimny_kgb

Kaka pole, hiyo ya mama imeniuma maana wangu naye ni hivyohivyo.

Mimi nipo Kigamboni nina Jimny, njia zangu ni mchanga zaidi ya mawe. Nilikuja nayo na stepu za duka za kung'aa, nzuri kwa macho, nikazitoa mwezi wa pili. Mchanga ukizama kidogo tu ile stepu inakuwa kama jembe, inasukuma mchanga badala ya gari kuelea juu, na ukijaribu kujichimbua ndo inakuzuia kuingiza koleo. Tangu nitoe sijawahi kukwama mahali ambapo zamani nilikuwa nakwama.

Ila mimi na wewe hatufanani, usisikilize kila mtu wa Jimny. Jimny yangu toka tairi la mbele mpaka la nyuma ni milimita 2250, Prado yako ni 2790. Nusu mita na zaidi, na tumbo ndo hapo katikati. Kilima ambacho mimi navuka bila kugusa wewe utagusa hata ukiwa na tairi kubwa kuliko zangu. Kwa hiyo kama unaenda huko kwenye mawe mara kwa mara mimi nakuunga mkono weka slaida.

Kuhusu mama, nikwambie nilichojifunza kwa mama yangu. Tulikuwa tunahangaika na miguu yake wakati shida yake kubwa ilikuwa mikono, hana pa kushika. Akishika vizuri juu anajivuta. Nikanunua ule mkanda mpana wa kufungia mizigo kwenye lori, nikamshonea kitanzi kwa fundi viatu, nikakifunga kwenye kile kishikio cha juu ya mlango kikaning'inia mpaka usawa wa kifua chake akiwa amesimama chini. Siku ya kwanza alipanda mwenyewe akakaa akafunga mlango, mimi bado nimenyoosha mikono kumsaidia. Na chini nabeba kistuli kifupi cha mbao, sm 20, kina kamba ya kukivutia ndani. Kila kitu kinaingia nyuma ya siti.

dereva_mstaafu_1

Vijana salaam. Nimeendesha gari za wageni miaka 19, Mikumi, Ruaha, Katavi na kwingineko, nyingi ni Land Cruiser 78 zile ndefu. Hatukuwa na slaida hata moja na tulirudi nyumbani. Kwa hiyo naomba nitofautiane kidogo na nyie.

Kwanza dereva. Korongo kama hilo unashuka, unaliangalia kwa miguu, unapanga mawe mahali tairi litapita, unamweka mtu mbele akuelekeze. Dakika kumi tu. Wewe kijana ulipanda tairi moja kwenye tuta likainua upande mmoja, na upande wa pili ukaanguka kwenye jiwe. Ungepunguza upepo wa tairi kidogo na ukaweka tairi la kushoto JUU ya lile jiwe badala ya kuliweka pembeni yake, stepu isingeligusa. Watu wanaogopa kupanda jiwe na tairi wanalipitisha katikati au ubavuni, na hapo ndipo gari isipokuwa na ulinzi.

Pili, kilo 60 za chuma kwenye Prado ya 2005 yenye springi za tangu 2005, na mama, na magunia ya kurudi nayo shamba. Angalia springi na shokapu zako kwanza kabla ya kuongeza chuma. Gari iliyolala nyuma hata ukiweka slaida ya dhahabu itakwaruza.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua stepu za mtumba imara, nikapandisha vishikio vyake zikae juu karibu na bodi, na ningejifunza kupitisha gari. Ni maoni yangu tu.

chuma_cha_pwani

Mzee wangu shikamoo. La kupanda jiwe na tairi naliunga mkono asilimia mia, na la springi pia, mwana_kinyerezi lifanyie kazi hilo kabla ya lolote.

Ila la kupandisha stepu karibu na bodi hapo naomba nikukatalie kwa heshima. Stepu ile nguvu yake ni ileile, ulichofanya umeisogeza karibu na mlango. Ikipigwa safari hii haina sm 10 za kukunjika kabla haijafika kwenye mlango, ina 2. Yaani yale yaliyompata mama yanatokea kwa haraka zaidi. Kama mtu hataki slaida basi bora atoe stepu kabisa abaki na ukingo mtupu, kistuli kifanye kazi ya stepu. Kitu dhaifu chini ya mlango ni hatari kuliko kutokuwa na kitu.

dereva_mstaafu_1

Marahaba. Hapo umenipata, sikuliwaza upande wa mlango. Wageni wetu walikuwa vijana wanaruka wenyewe, stepu zetu tulizitoa zamani.

tabata_moja

Samahani kudandia uzi, mimi nina RAV4 ya 2008, na mimi naweza kuchomelea hizo slaida? Barabara ya kwangu Tabata ndani huko imeharibika sana nakwaruza kila siku.

chuma_cha_pwani

Mkuu RAV4 haina chesisi ya kujitegemea, bodi na chesisi ni kitu kimoja, bati limekunjwa. Hakuna pa kushikiza bomba la kubeba tani na nusu, ukichomelea pale unaunguza bati na siku ikipigwa inararua ubavu wa gari. Hata Pajero kuanzia zile za 1999 kuja juu ni hivyohivyo, inaonekana gari ya kazi lakini bodi na chesisi vimeungana. Za chesisi kabisa ni kama Prado, Land Cruiser 70, Hilux, Jimny. Wewe angalia kinachokwaruza ni nini, mara nyingi kwa RAV4 ni eksozi au lile kava la chini ya injini. Weka kava la chuma chini ya injini, badili shokapu kama zimechoka, na kama una stepu za urembo zitoe.

mwana_kinyerezi

Asanteni sana jamani, sikutegemea majibu ya namna hii. Mzee dereva_mstaafu shikamoo, na asante, umesema kweli nilipitisha jiwe ubavuni, nilikuwa naogopa tairi lisipasuke.

Nimeamua slaida. Swali lililobaki ni la kuchomelea au bolti, maana yule wa Gerezani anasema bolti zinalegea na yule mwingine anasema ukichomelea chesisi inakufa.

ubungo_kijijini

Kabla hajajibu mtaalamu naomba niweke langu maana nimeumia. Nina Hilux, mwaka juzi nilipeleka kwa fundi mmoja hapa hapa Dar, sitamtaja, akaniwekea "slaida" kwa laki nne na rangi juu, zikang'aa, nikafurahi. Sikupima kitu. Nikaenda Kisarawe ndani huko kwenye shamba la rafiki, kisiki kikanigusa kulia, sio hata jiwe, KISIKI, bomba likakunjika kama kopo la soda na mguu wa mbele ukang'oka na kipande cha chesisi kikabaki na tundu. Kuja kukagua, bomba lilikuwa la maji lile la kupakwa zinki, jembamba, na kachomelea juu ya zinki bila kuisugua, welding imekaa juujuu kama utomvu uliokauka, haijaingia kwenye chuma. Kuziba lile tundu la chesisi ilinigharimu kuliko slaida zenyewe.

Kwa hiyo kaka simama pale pale anapochomelea, usiache gari ukaenda kunywa soda. Na usikubali bomba la zinki, ule moshi wake mweupe ukiuvuta jioni unaumwa kama una malaria, yule kijana aliyekuwa anachomelea ya kwangu alikuwa hana hata kitambaa puani.

chuma_cha_pwani

Pole sana ubungo, na umesema kitu cha maana kuhusu zinki, ni kweli ule moshi unaleta homa. Kama bomba la zinki ndo limepatikana lisuguliwe lote mpaka chuma cheusi kionekane sm kadhaa kila upande wa maungio, na hata hivyo mimi silitaki.

Sasa la bolti au kuchomelea. Zote zinafanya kazi ikiwa zimefanywa kwa akili, na zote zinaharibu gari ikiwa zimefanywa hovyo. Mimi kwa gari ya pwani napenda bolti. Sababu ni kutu. Huku chumvi ipo hewani, ukiwa Kunduchi au Kigamboni unaiona kwenye mabati ya nyumba, na mahali pa kwanza maji na mchanga vinapojificha ni kati ya bamba na chesisi. Ya bolti unaifungua kila mwaka, unapiga brashi, unapaka rangi, unarudisha. Ya kuchomelea huwezi kuona ndani kinachoendelea.

Ila bolti usitoboe chesisi ukakaza tu. Chesisi ya Prado ni boksi, ndani tupu, ukikaza bolti kutoka upande mmoja mpaka wa pili unaibana boksi inabonyea, na ikishabonyea bolti inalegea, hapo ndo fundi wako anaposema bolti zinalegea. Kinachofanyika ni kutumia bolti za umbo la U zinazozunguka chesisi bila kutoboa, au ukitoboa unaingiza kibomba kidogo ndani ambacho bolti inapita katikati yake, kile kibomba ndo kinapokea nguvu. Bolti milimita 12, uangalie kichwani imeandikwa 8.8 au 10.9, isiyo na namba yoyote usifunge. Na nati ziwe zile zenye plastiki ndani zisizolegea.

Ukiamua kuchomelea: toa vichwa vyote viwili vya betri, waya wa ethi wa mashine ya welding ushikwe karibu kabisa na anapochomelea, na uchungulie ndani ya chesisi mabomba ya breki na ya mafuta yamepita wapi, yafunikwe au yasogezwe. Mguu usichomelewe moja kwa moja, unachomelea bamba kwanza halafu mguu juu ya bamba, na ile mistari ya welding isikate chesisi kutoka juu kwenda chini, iende na urefu wa chesisi. Ukikata wima unatengeneza mahali pa kuvunjikia.

Kwa ajili ya mama, slaida za mawe watu huzielekeza juu kidogo, nyuzi 10 mpaka 20, ili jiwe liliguse bomba kabla ya mlango. Zikiwa hivyo kiatu kinateleza, hasa kikiwa na tope. Wewe zako zilaze flati au nyuzi 5 hivi, na ule uwazi wa kati ya mabomba mawili usiuzibe na bamba zima, tope litakaa pale milele likile ukingo wa milango. Weka vipande vya bomba vya kuunganisha, halafu juu ya bomba la nje mwambie fundi aweke vidoti vya welding kila sm 2, sehemu ya mlango tu. Vinashika kiatu vizuri kuliko mpira wowote.

Rangi: sugua mpaka ing'ae, paka red oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili siku hiyohiyo, usiache ilale usiku, asubuhi utakuta ishaanza wekundu. Ncha za mabomba zizibwe zote kwa welding.

dada_jimny_kgb

Kingine kaka, pima zisitokeze sana nje. Rafiki yangu zake zimetokeza mpaka nje ya usawa wa tairi, kila tukipaki sokoni watu wanagonga miundi na suruali zinachafuka tope. Zikiishia usawa wa ukuta wa tairi inatosha.

mwana_kinyerezi

Wakuu nimerudi, zimepita kama wiki tatu.

Nimefanya. Springi za nyuma nilibadilisha kwanza kama alivyosema mzee, gari ilinyanyuka sm 2 na nusu nyuma, kumbe ilikuwa imelala nami sijui. Slaida nimetengenezea Gerezani kwa yule yule fundi, nikamwonyesha huu uzi kwenye simu, akausoma wote amesimama pale na grinda mkononi, akasema sawa twende na bolti za U. Bomba tulinunua pamoja, duka la kwanza venia ilisoma 2.1 tukaondoka, la pili 3.6 tukachukua. Nilikaa siku mbili pale, sikuondoka.

Jeki tulipiga hapo hapo gereji. Nafasi ilikuwa milimita 16, tairi liliponyanyuka ikasoma 14. Fundi mwenyewe akaomba apime mara ya pili.

Jumamosi nimeenda kumchukua mama. Sikumwambia kitu, nimeegesha tu. Kaiangalia, kaikanyaga kwa kidole kama anapima maji ya moto, halafu akaweka mguu wote, akashika ule mkanda wa dada_jimny ambao nimeufunga pande zote mbili. Kapanda. Akaniambia nimfungulie mlango taratibu mara mbili aone kama haubani.

Kitu kimoja kimebaki, mguu wa tatu wa kulia upo karibu sana na eksozi, kama sm 1 na nusu, na nikiwasha gari ikiwa ya baridi nasikia inagongagonga kwa sekunde kadhaa kisha inaacha. Niukate huo mguu?

chuma_cha_pwani

Usikate. Gari ikiwa baridi injini inatikisika zaidi na eksozi inacheza nayo, na ikipata moto inatanuka kidogo na kuhama. Angalia zile raba zinazoning'iniza eksozi, kwa umri wa gari yako nina uhakika zimeshavutika, badilisha mbili za katikati, itajivuta juu yenyewe. Ikibaki inagusa, mwambie fundi alegeze bolti za U aisogeze slaida yote mbele sm 4, ndo faida ya kutochomelea. Halafu ukishatembea kilomita 500 hivi rudia kukaza bolti zote za U, zitakuwa zimejikalia.

Na mpe mama salamu.